Vipimo vya inflamesheni kwenye damu na bipola: maswali ninayoulizwa kila mara

Mi ni mtu wa maabara, na mdogo wangu wa kunifuata ana bipola, ule ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kati ya vipindi vya nguvu kupita kiasi (mania) na vya huzuni nzito (depresheni), tangu akiwa na miaka 21, kwahiyo haya maswali yananifikia pande zote mbili, dirishani kazini na sebuleni nyumbani. Nimeyaandika vile yanavyoulizwa. Sio daktari wa akili mimi, na tafadhali usiache wala kubadilisha dawa kwa sababu ya nilichoandika hapa, ila kile kikaratasi cha majibu naweza kukuambia kinasema nini na hakisemi nini.

Inflamesheni ni nini, ni uvimbe?

Kwenye vitabu utakuta wameandika mchochota. Ukijikata kidole pakawa pekundu, pakavimba, pakauma, pakawa na moto, hiyo ndo inflamesheni ya kuonekana kwa macho, kinga ya mwili imeshaita watu wake kazini. Ile inayozungumzwa kwa watu wenye bipola haionekani, hakuna mahali palipovimba, ni hali ya chini chini kama kaa lililofukiwa kwenye jivu, haliwaki na halijazima, afu ishara zake zinazunguka kwenye damu miezi na miezi. Hizo ishara ndo tunazipima.

Ni vitu gani hasa vinapimwa?

Maarufu kuliko zote ni CRP, protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa 1930 kwenye taasisi ya utafiti ya Rockefeller, New York, na Tillett na Francis wakiwa wanahangaika na wagonjwa wa nimonia. Uzuri wake ni mwepesi wa kupanda, ndani ya masaa sita mpaka nane tangu mwili ushtuke unaanza kuiona, na kila baada ya masaa kama 19 inabaki nusu kama chanzo kimeisha. Anayeliamrisha ini liitengeneze ni IL-6, ambayo iko kwenye kundi la sitokini, yaani vijumbe ambavyo seli za kinga zinatumiana. Kundi hilohilo lina TNF-alfa, na vile vipokezi vyake vinavyoelea kwenye damu, na IL-10 ambayo kazi yake ni kutuliza fujo.

Halafu kuna vya bei ya chini ambavyo karibu kila maabara ya wilaya inavyo, ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kutuama kwenye mrija, na FBP, yaani hesabu ya seli za damu, ambayo kule Kenya wanaiita full haemogram. Watafiti siku hizi wanachukua neutrofili kwenye FBP wanaigawa kwa limfosaiti, zote ni aina za seli nyeupe, namba inayopatikana wanaiita NLR.

Kwahiyo ni kweli watu wenye bipola wana inflamesheni zaidi?

Ukiwachukua kama kundi, ndiyo. Mwaka 2013 walikusanya tafiti 30 pamoja wakaona TNF-alfa, vipokezi vyake na sitokini kadhaa ziko juu kwa wenye bipola kuliko watu wengine. Mwaka 2016 ikatoka nyingine kwenye Lancet Psychiatry, hii ilikuwa ya CRP tu, wagonjwa zaidi ya elfu mbili, nayo ikaonyesha CRP iko juu, na inapanda zaidi mtu akiwa kwenye mania kuliko akiwa kwenye depresheni au akiwa ametulia.

Ila neno la kushika hapo ni kundi. Ukipanga watu mia wenye bipola na watu mia wasio nayo, wastani wa mstari wa kwanza utakuwa juu kidogo, lakini mle ndani utakuta mtu wa bipola mwenye CRP safi kabisa na jirani yake asiye na ugonjwa wowote wa akili ana CRP mara tano yake kwa sababu ya jino bovu. Wastani wa watu mia haukwambii chochote kuhusu mtu mmoja aliyekaa mbele yako na mkono umefungwa mpira.

Kuna kipimo cha damu cha kuonyesha kama nina bipola au sina?

Hakuna. Naomba nilirudie hili kwa sababu nimeona watu wakilipa hela nyingi sana kwa ahadi hii: hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha bipola, iwe CRP, iwe IL-6, iwe kitu chochote. Bipola inajulikana kwa kukaa na mtu, kumsikiliza, kuuliza ndugu zake vipindi vya usingizi kupungua na nguvu kuzidi vilikuwaje, pesa zilitumikaje, na huzuni ilikuja lini na ilikaa muda gani.

Kazi inaendelea lakini. Mwaka 2023 watu wa Cambridge walitumia tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi kutenganisha bipola na depresheni ya kawaida, wakasema kipimo peke yake kingeweza kutambua mpaka asilimia 30 ya wenye bipola, na kikiunganishwa na maswali kinafanya vizuri zaidi. Hicho kilikuwa kinaangalia mafuta flani ya kwenye damu na sio inflamesheni. Asilimia 30 maana yake wengi bado wanapita bila kuonekana, na ndo mana hutakikuta kwenye bei za maabara yoyote ya mtaani kwetu.

Nilipima CRP ikaja "negative", si ina maana sina inflamesheni?

Inategemea walipima kwa njia gani, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Maabara nyingi ndogo zinatumia ile ya tone la lateksi kwenye kislaidi, unachanganya, unatikisa, unaangalia kama imegandamana. Hiyo inaanza kuona kwenye kama miligramu 6 kwa lita kwenda juu. Sasa tofauti wanazozungumzia watafiti wa bipola mara nyingi ziko chini ya hapo, mtu mwenye 3 akilinganishwa na mwenye 1, kwahiyo kislaidi chako hakina macho ya kuiona hata kama ipo. Inayoona huko chini ni hs-CRP, inahitaji mashine na bei yake iko juu kidogo.

Cheki pia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba. Kuna mashine zinatoa mg/L na zingine mg/dL, na kati ya hizo mbili kuna mara kumi. Nishapigiwa simu usiku na shangazi yangu analia kumbe alikuwa anasoma 0.4 kama vile ni tatizo.

Namba ngapi ni ya kuogopa?

Kwa hs-CRP watu wa moyo Marekani waliweka mipaka mwaka 2003: chini ya 1 hatari ya moyo ni ndogo, 1 mpaka 3 ni ya katikati, juu ya 3 ni kubwa, na ikipita 10 usianze kufikiria moyo wala bipola, tafuta maambukizi kwanza afu urudie ukishapona. Walisema pia upime mara mbili, wiki kama mbili zimepita katikati, kwa sababu siku moja inadanganya. Mipaka hiyo ni ya moyo, kwa bipola hakuna mpaka uliokubalika popote.

Nini kingine kinapandisha hizi namba?

Vingi mno, na huku kwetu vingi zaidi. Malaria inaweza kuipeleka CRP juu ya 100. Kifua kikuu, VVU, UTI, fizi zinazotoka damu, kidonda cha mguu kisichopona. Ujauzito. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Sigara. Unene, hasa wa tumbo, maana mafuta ya tumboni hayajakaa tu pale, yanatoa IL-6 yenyewe mchana na usiku. Hata kukimbia kilomita nyingi jana yake.

Afu kuna dawa zenyewe za bipola. Olanzapini inaongeza uzito sana kwa watu wengi, uzito unaongeza CRP, mtafiti anakuja anapima anasema bipola ina inflamesheni. Tafiti nzuri zinajaribu kuondoa hiyo kwenye hesabu, nyingi za zamani hazikuweza.

ESR ina matatizo yake peke yake, mtu mwenye upungufu wa damu inapanda, mwenye sikoseli inashuka hata kama anaumwa, kwahiyo kwa sehemu kama Kanda ya Ziwa ambako sikoseli ni nyingi mi ESR siiamini hivihivi.

Na hiyo NLR, naweza kuipiga mwenyewe kwenye FBP yangu?

Hesabu ni rahisi, tatizo ni tafsiri. Wengi wetu Afrika kusini mwa Sahara tuna ile hali ya damu inayoitwa Duffy-null, ndo inayotukinga na malaria ya vivax, na inakuja na neutrofili chache kwa asili bila ugonjwa wowote. Ukichukua mpaka wa NLR uliotengenezwa kwa watu wa Ulaya ukauweka kwa mtu wa Kisumu au Tanga unapata jibu la uongo. Ongeza na hili, kwenye dawa za bipola lithiamu inapandisha neutrofili, na kabamazepini inaweza kushusha seli nyeupe. Nishaona mtu anatumia lithiamu, seli nyeupe zimepanda kidogo, anaandikiwa antibayotiki wiki nzima hana homa, hana kikohozi, hana chochote. Ukienda kupima sema dawa unazotumia, na uhakikishe imeandikwa kwenye fomu.

Kipi kilianza, bipola au inflamesheni?

Hili swali mdogo wangu aliniuliza tukiwa tunasubiri daladala na sikuwa na jibu la mara moja, na mpaka leo jibu ni kwamba inaenda pande zote mbili.

Upande mmoja, kinga ya mwili inaweza kugusa mudi, hilo limeonekana waziwazi. Wagonjwa wa homa ya ini C walipokuwa wanatibiwa kwa intaferoni, ambayo ni sitokini unachomwa kutoka nje, wengi waliingia depresheni na wachache wakapata mania, watu waliokuwa wazima kabisa kichwani kabla ya sindano. Kule Bristol, Uingereza, kuna watoto walipimwa IL-6 wakiwa na miaka 9, wakafuatiliwa, na waliokuwa na IL-6 ya juu walikuwa na dalili zaidi za haipomania, yaani mania nyepesi, walipofika 22. Denmaki waliangalia rekodi za watu zaidi ya milioni 3, waliowahi kulazwa kwa maambukizi makali au magonjwa ya kinga kujishambulia walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata magonjwa ya mudi baadaye, ingawa hapo ni ya mudi kwa ujumla, bipola ikiwa ndani.

Namna inavyotokea bado inachimbwa, ila njia moja inayotajwa sana ni ya triptofani. Mwili unatumia triptofani ya kwenye chakula kutengenezea serotonini, sitokini zikizidi kuna kimeng'enya kinaamka kinaigeuza triptofani iende njia nyingine ya kainurenini, na baadhi ya mazao ya njia hiyo yanasumbua seli za ubongo.

Upande wa pili, bipola yenyewe inauchosha mwili. Mtu akiwa kwenye mania analala masaa mawili, siku nane mfululizo, hali vizuri, anavuta sigara pakiti mbili, anatembea usiku kucha. Kukosa usingizi peke yake kunapandisha IL-6. Kwahiyo ukimpima siku analetwa wodini namba lazima ziwe juu, umepima mania au umepima siku nane za kukesha? Na akishatulia nyingi ya hizi namba zinashuka.

Basi si nimeze tu dawa za kuondoa inflamesheni, diklofenaki au Brufen?

USIFANYE HIVYO kama unatumia lithiamu. Hapa ndo sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote.

Diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini na wenzao zinaifanya figo ishindwe kuitoa lithiamu vizuri, inajilundika kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Mdogo wangu alikuwa na mgongo, akaenda duka la dawa akapewa diklofenaki, hakuulizwa dawa gani anatumia na yeye hakusema. Siku ya nne mikono inatetemeka hawezi kushika kikombe, anatapika, anaharisha, anayumba, ulimi mzito. Mtaani wakasema amekunywa. Mama ndo alisema huyu mtoto hajagusa pombe, twendeni. Kipimo cha lithiamu kilirudi juu ya 2, wakati kawaida daktari wake anamweka kwenye 0.6 mpaka 0.8. Amepona, namshukuru Mungu, ila figo zake tunazipima kwa wasiwasi mpaka leo.

Kwa maumivu ya kawaida parasetamo ndo salama zaidi ukiwa kwenye lithiamu. Dawa za presha kama losartani, enalaprili na zile za kukojoza nazo zinapandisha lithiamu, kuharisha sana, kutoa jasho jingi bila kunywa maji na kuacha chumvi ghafla pia. Ukitaka kufunga Ramadhani ongea na daktari wiki kadhaa kabla, usianze kujipangia mwenyewe siku ya kwanza ya mwezi.

Lakini wamewahi kujaribu kutibu bipola kwa dawa za inflamesheni?

Wamejaribu, na majibu yamenivunja moyo kidogo, sitaficha. Pakistani walifanya jaribio kubwa, watu 266 wenye depresheni ya bipola, wakaongezewa minosaiklini (antibayotiki) au selekoksibu (ya ukoo wa diklofenaki) juu ya dawa zao kwa wiki 12, matokeo yakatoka 2020, hakukuwa na faida kuliko dawa ya bandia, yaani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Mwaka mmoja kabla yake walijaribu infliximabu, dripu inayokamata TNF-alfa, watu 60, wote walichaguliwa wakiwa na dalili za inflamesheni, na kwa ujumla haikushinda dawa ya bandia. Kilichoonekana ni kwamba waliowahi kupigwa na kuumizwa utotoni walipata nafuu zaidi, na hilo linanifikirisha sana, ila ni kikundi kidogo ndani ya jaribio dogo.

Ninavyoona mimi, kuna watu wachache ambao inflamesheni ni sehemu kubwa ya ugonjwa wao na wengi ambao sio, na bado hatujui kuwachagua.

Prednisoloni je? Si ndo inayozima inflamesheni kuliko zote?

Inazima kweli na inaweza kukuwashia mania. Tafiti ya Boston ya 1972 ilionyesha waliopewa miligramu 40 au pungufu kwa siku ni asilimia 1.3 waliopata matatizo ya akili, waliozidi 80 ikawa asilimia 18.4. Deksamethasoni ni ukoo huohuo, na nyingine zinachanganywa kwenye dawa za pumu na za kunenepesha za vichochoroni. Kama una bipola na daktari ameona lazima upewe, mwambie una bipola ili mpange pamoja.

Manjano, tangawizi, mafuta ya samaki?

Kwenye chakula kula bila wasiwasi. Vidonge vya manjano vya elfu themanini havijaonyesha kutibu bipola. Omega-3 tafiti zinagongana, lakini dagaa na samaki ni chakula kizuri kwa moyo, kula.

Ndugu yangu ameanza mania ghafla kwa mara ya kwanza, apimwe nini?

CRP haitakuwa ya kwanza kwenye orodha yangu. VVU na kaswende kwanza, kwa sababu zote zinaweza kuleta picha ya mania. Uganda walichapisha utafiti 2006 wa wagonjwa wa mania ya kawaida na wale ambao mania yao imetokana na VVU, na wa VVU walikuwa na umri mkubwa zaidi. Kwahiyo mtu wa miaka 45 hajawahi kuumwa akili maisha yake yote ghafla anahubiri barabarani usiku, usikubali aondoke na sindano ya usingizi tu bila vipimo hivyo. Malaria, sukari na tezi ya shingo pia. Ana homa, shingo ngumu au amechanganyikiwa hajui yuko wapi, hiyo ni dharura ya ubongo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Hela yangu ni ndogo, nipime nini kila mwaka kama nina bipola tayari?

Acha IL-6, sampuli yake ikikaa kwenye joto masaa kadhaa bila kuzungushwa na kugandishwa namba inabadilika, na hata ikitoka sahihi hakuna daktari atakayebadilisha dawa kwa ajili yake. Hela hiyo weka kwenye sukari, mafuta ya damu, presha, na kipimo cha kiuno ambacho ni futi ya fundi cherehani tu. Uswidi walifuatilia wenye bipola wakakuta wanawake wanakufa miaka 9 mapema na wanaume miaka 8 na nusu, na moyo na sukari ni kati ya vinavyowaondoa. Ukiwa kwenye lithiamu ongeza kiwango cha lithiamu, damu itolewe masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, pamoja na figo na tezi. Ukiwa kwenye valproeti angalia ini, kabamazepini angalia FBP. Hs-CRP ikibaki hela.

Tafiti hizi zimefanyika na sisi tumo?

Kidogo sana. Nyingi ni Ulaya, Marekani, Brazili, China. Mradi wa NeuroGAP ulichukua mate ya watu wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini kuangalia jenetiki za bipola na skizofrenia, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi walikuwemo, na hilo nimelifurahia sana. Sitokini zetu, ambazo kila mwaka zinapigana na malaria na minyoo, zinahitaji utafiti wake.

Majibu yote yamerudi kawaida lakini hajalala siku ya tatu, anaongea bila kupumua, tufanyeje?

Wekeni makaratasi pembeni, mpelekeni hospitali leo hii. Ficheni funguo za pikipiki na kadi ya benki, aende na mtu anayemsikiliza, sio anayegombana naye. Mkifika msianze kuelezea CRP, semeni amelala masaa mangapi, tangu lini, na dawa aliacha lini. Bebeni na pakiti za dawa zote, hata za duka la mtaani, hata za mgongo.